Siku ya Mazingira Duniani: kwa nini Juni 5, na je, ni lazima tupande miti siku hiyo?

KatibuTambarare (Moshi Vijijini) anauliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya kata mojawapo ya tambarare, upande wa kusini wa mji wa Moshi. Ninaandika baada ya kikao ambacho wajumbe walishindwa kuafikiana juu ya jambo lililoonekana dogo, yaani namna ya kuadhimisha Siku ya Mazingira Duniani. Kwa miaka mingi utaratibu wetu umekuwa ule ule. Ikikaribia Juni 5 tunaagiza miche, tunamtafuta mgeni rasmi, wanafunzi wanaandaa ngonjera, risala inasomwa, na kila kiongozi anaonyeshwa shimo lake la kupandia mti. Tatizo ni kwamba huku kwetu masika huwa yamekwisha au yanamalizikia, na shule hufunga kwa likizo ya Juni katika siku hizo hizo, hivyo miche iliyopandwa kwenye viwanja vya shule hubaki bila mtu wa kuimwagilia. Kufika Septemba unakuta vijiti vikavu vimesimama katika visahani vyao, na ile michache iliyokuwa bado na majani mbuzi wamekwisha kuipitia.

Katika kikao, mzee mmoja aliuliza ni nani aliyeipanga tarehe hii, na kama aliyeipanga aliwahi kuona jua la Agosti la huku chini. Mjumbe kijana akasema ziko shule zinazoadhimisha Siku ya Dunia Aprili 22, wakati mvua ipo, na akapendekeza tuhamie huko. Mwingine akakumbusha kwamba taifa lina siku yake ya kupanda miti mwezi Aprili, hivyo haoni sababu ya kupanda tena Juni. Mwenyekiti aliogopa kwamba tukiacha kupanda miti Juni 5 tutaonekana tumeipuuza siku ya kimataifa.

Ninaomba wenye ufahamu wanieleze asili ya siku hii, uhusiano wake na hiyo ya Aprili 22, na zaidi ya yote, kama kupanda miti ni sehemu ya agizo lenyewe au ni desturi tuliyoizoea tu. Tunakaa tena kupanga bajeti, na ningependa niingie kikaoni nikiwa na hoja.

MwalimuWaHistoria (Moshi Mjini) anajibu:

Katibu, swali la mzee wenu lina jibu lililo wazi, na jibu lenyewe huenda likawapunguzia mzigo.

Juni 5, 1972 ndiyo siku ulipofunguliwa, mjini Stockholm nchini Uswidi, mkutano wa Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira ya binadamu. Mkutano huo uliendelea hadi Juni 16, ukahudhuriwa na wajumbe wa nchi 113, katibu mkuu wake akiwa Maurice Strong wa Kanada, na ukatoa tamko lenye misingi 26. Waziri Mkuu wa India, Indira Gandhi, alisimama pale akauunganisha umaskini na uharibifu wa mazingira, hoja ambayo nchi zetu zimeendelea kuitumia hadi leo. Wazo la kutenga siku maalumu lilitolewa na Japani, na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipoketi Desemba 15, 1972, likapitisha azimio namba 2994 lililoifanya tarehe ya kufunguliwa kwa mkutano kuwa Siku ya Mazingira Duniani. Mwambie mzee kwamba tarehe hiyo ilipangwa na ratiba ya mkutano uliofanyika Ulaya wakati wa kiangazi chao, na hakuna aliyekuwa akiitazama kalenda ya mvua ya Kilimanjaro.

Azimio lenyewe linazitaka serikali na mashirika ya Umoja wa Mataifa yafanye, siku hiyo kila mwaka, shughuli za kuthibitisha kwamba yanajali kulinda na kuboresha mazingira, kwa nia ya kuongeza uelewa wa watu na kuendeleza yale yaliyoamuliwa Stockholm. Namna ya kufanya hivyo imeachwa kwa wenyewe. Mti haukutajwa. Siku hiyo hiyo ya Desemba ndipo lilipoanzishwa pia Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yaliwekwa Nairobi, likawa shirika la kwanza la Umoja huo kuwa na makao makuu katika nchi inayoendelea. Ninalitaja kwa sababu watu wengi hapa huiona siku hii kama jambo la mbali, ilhali shirika linaloisimamia liko kwa majirani zetu, safari ya basi kupitia Namanga.

Maadhimisho yalianza mwaka 1973, na mwaka 1974 ikatumika kaulimbiu iliyosema kwamba Dunia ni moja tu. Kaulimbiu hiyo ilirudishwa mwaka 2022, Uswidi ilipokuwa mwenyeji kuadhimisha miaka 50 tangu Stockholm. Kila mwaka huwa na mwenyeji na mada yake: mwaka 2018 India na taka za plastiki, 2019 China na uchafuzi wa hewa, 2021 Pakistani na urejeshaji wa mifumo ya ikolojia, 2024 Saudi Arabia na urejeshaji wa ardhi pamoja na ukame, 2025 Korea Kusini na plastiki tena. Hata mada hiyo hailazimishi nchi kuifuata neno kwa neno. Mwaka ule wa 2018, dunia ilipokuwa ikizungumzia plastiki, maadhimisho ya kitaifa ya Tanzania yalijikita kwenye mkaa na nishati mbadala, na kwa maoni yangu tulichagua vema, kwa kuwa mkaa ndio uliokuwa ukitumaliza.

Sasa, miti iliingiaje? Siwezi kumtaja mtu mmoja nikasema ndiye aliyeileta, lakini Afrika Mashariki ina kumbukumbu yake. Juni 5, 1977, Profesa Wangari Maathai na wenzake wa Baraza la Taifa la Wanawake wa Kenya waliandamana hadi viwanja vya Kamukunji, Nairobi, wakapanda miti saba, na huo ukawa mwanzo wa harakati za Ukanda wa Kijani zilizokuja kumpatia Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Kwetu sisi, tendo lile liliipa siku hii sura ya jembe na mche. Pamoja na hayo, tuseme ukweli, mti unapendeza kwenye picha, na kiongozi anaweza kuupanda kwa dakika tano akaondoka.

Kuhusu Aprili 22, hiyo ni mtoto wa mama mwingine. Siku ya Dunia ilianzia Marekani mwaka 1970, ikibuniwa na Seneta Gaylord Nelson wa Wisconsin, aliyeshtushwa na mafuta yaliyomwagika baharini karibu na Santa Barbara, California, mwezi Januari 1969. Mratibu wake alikuwa kijana aliyeitwa Denis Hayes, na tarehe ilichaguliwa kwa kuwa iliangukia kati ya likizo ya wanavyuo na mitihani yao. Inakadiriwa kwamba Wamarekani milioni 20 walijitokeza, na kabla mwaka haujaisha nchi hiyo ilikuwa na wakala wa serikali wa kulinda mazingira pamoja na sheria mpya ya hewa safi. Ilivuka mipaka hasa mwaka 1990, na mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ukaitambua tarehe hiyo kwa jina la Siku ya Kimataifa ya Mama Dunia, kwa pendekezo la Bolivia. Hata Mkataba wa Paris wa tabianchi ulifunguliwa kwa kutiwa saini Aprili 22, 2016. Kwa hiyo zote mbili ni halali, ila moja ilianza kama vuguvugu la wananchi wa nchi moja, na nyingine kama uamuzi wa serikali za dunia. Kwa ngazi ya kata, inayofanya kazi na halmashauri, Juni 5 ndiyo iliyomo kwenye kalenda ya serikali yetu, na nisingeshauri muiache.

Niongeze jambo moja lisilo na uhusiano wa moja kwa moja na bajeti yenu. Tafadhali msiwaache watoto wanaosoma ngonjera waamini kwamba mawazo haya yote yalishuka kutoka Stockholm. Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru, ulifanyika hapa Arusha mkutano wa hifadhi ya maumbile katika Afrika mpya, na Mwalimu Nyerere akatoa tamko linalojulikana kama Azimio la Arusha la hifadhi ya wanyamapori, ambalo ni tofauti kabisa na lile la Ujamaa la 1967. Miaka miwili baadaye, 1963, Chuo cha Mweka, kinachofundisha usimamizi wa wanyamapori, kikafunguliwa hapo juu ya Moshi. Stockholm ilikuwa bado miaka tisa mbele.

BwanaMitiMstaafu (Usa River) anajibu:

Mwalimu amekwisha kuifungua njia, nami nitasema la udongo na mvua, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi niliyoifanya hadi nikastaafu.

Katibu, mche hauijui kaulimbiu. Mche unataka udongo uliolowa kwa muda wa kutosha ili mizizi ishuke chini kuliko kina kinachokaushwa na jua. Kwa tambarare zenu masika huanza Machi, hukolea Aprili na kupungua Mei, kisha hufuata miezi mikavu mpaka vuli za Novemba. Mche uliopandwa mvua ya kwanza ikishalowesha udongo vizuri mwezi Machi una takriban wiki kumi za kujijenga, lakini uliopandwa Juni 5 unaanza maisha yake siku ambayo maji yanakatika. Hakuna mbolea wala hotuba itakayoziba pengo hilo, isipokuwa mtu mwenye ndoo, na wewe mwenyewe umesema kwamba watu wenye ndoo, yaani wanafunzi, wamekwenda likizo.

Aprili Mosi, ambayo kwa miaka mingi imejulikana kuwa Siku ya Taifa ya Kupanda Miti, ilikaa vizuri zaidi kwenye kalenda ya mvua ya kaskazini, na Siku ya Kimataifa ya Misitu, Machi 21, nayo inaangukia mahali pazuri. Pandeni katika majira hayo. Lakini kupanda Machi hakuanzi Machi. Mbegu iwe imekwisha kuwekwa kitaluni Septemba au Oktoba, miche ipunguziwe kivuli na maji wiki chache kabla ya kwenda shambani ili ikomae, na mashimo yachimbwe Februari wakati ardhi ni kavu, udongo wa juu ukitengwa na wa chini ili ule wa juu, wenye rutuba, ndio urudi kwanza kwenye mizizi ukichanganywa na samadi. Nimeona mara nyingi mashimo yakichimbwa asubuhi ile ile ya sherehe, mengine yakiwa na kina cha sufuria.

Juni 5 basi ifanywe nini? Mimi naiona kuwa siku nzuri kuliko zote za kuikagua ile miche ya Machi. Majani bado yapo, kwa hiyo kilicho hai na kilichokufa vinatambulika bila ubishi. Ni wakati wa palizi ya mwisho, kwa sababu magugu yaliyoota na masika yataunyonya unyevu uliobaki na baadaye yatakuwa kuni za moto. Ni wakati wa kuweka matandazo ya majani makavu kuzunguka shina, bila kuyagusisha na shina lenyewe ili mchwa wasialikwe. Ni wakati pia wa kusafisha njia za kuzuia moto kabla ya Agosti. Oktoba 2020 tulitazama sote moto ukiwaka siku kadhaa juu ya Mlima Kilimanjaro, na kila aliyewahi kuuzima moto wa msituni anajua kwamba kazi ya kuuzuia hufanyika miezi mingi kabla, majani yakiwa mabichi.

Kuhusu aina za miti, kwa tambarare yenye ukavu msipeleke mgrivea kila mahali kwa sababu tu ndio unaopatikana kwa wingi. Mwarobaini, mjohoro, mkwaju na migunga ya asili huvumilia zaidi. Kwenye kingo za mito na mifereji pandeni mikuyu, na mikaratusi kaeni nayo mbali na chanzo chochote cha maji.

Neno la mwisho ni kuhusu mabango. Karibu kila bango la Siku ya Mazingira mkoani kwenu lina picha ya kilele cha Kibo na maneno ya kuwahimiza watu wapande miti ili theluji irudi. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1912 na 2007 mlima ulipoteza takriban asilimia 85 ya eneo la barafu yake, lakini barafu ile iko katika hewa kavu sana, mbali juu ya mstari wa miti, na wanaoichunguza wanataja ukavu wa hewa na kubadilika kwa tabianchi kwa upana wake. Mti wa uwanja wa shule hautairudisha. Utaleta kivuli, utashika udongo na kupunguza vumbi, na hizo ni sababu tosha za kuupanda bila kumwahidi mtoto jambo ambalo halitatokea.

MamaKitalu (Machame) anajibu:

Shikamoo, Bwana Miti. Nimekusoma kwa makini na ninakubaliana nawe kwa tambarare, ila naomba usiutungie mkoa mzima sheria moja. Huku juu kwetu, karibu na msitu, Juni ni mwezi wa ukungu na manyunyu, na sisi hupanda kati ya migomba na kahawa mpaka Julai bila kumwagilia hata kopo moja. Mringaringa na mfuruanje hushika vizuri kabisa majira hayo. Watu wa vihamba vya juu, yaani mashamba ya nyumbani ya mlimani, wakiambiwa waache kupanda Juni watakuwa wanaadhibiwa kwa ukavu wa Kahe, huko tambarare.

Lakini ninataka kusema jambo ambalo wanunuzi wa miche hawalioni, kwa kuwa mimi ninakaa upande wa pili wa biashara. Kila mwaka, wiki ya mwisho ya Mei, simu zinaanza kupigwa: tunahitaji miche mia kadhaa, mgeni rasmi anakuja, bei tutaelewana. Kitalu chochote kinachojua kazi yake kimekwisha kuuza miche mizuri Machi na Aprili. Iliyobaki mwishoni mwa Mei ni ile iliyokaa kupita kiasi, ambayo mzizi umetoboa kiriba, yaani mfuko wa plastiki wa kuoteshea mche, ukaingia ardhini au umejizungusha ndani yake. Ukiing'oa unaukata mzizi mkuu. Ukiipanda hivyo hivyo, mizizi inaendelea kuzunguka mahali pamoja, na mti huo hata ukiishi utaangushwa na upepo siku moja. Kwa hiyo miche ya Juni 5 inakwenda shambani tayari ikiwa na kasoro, kabla hata jua halijaigusa. Katibu, mkinunua, shikeni kiriba mkononi, kipindueni, mwangalie chini. Kama mzizi umetoka, kataeni hata kama mnapunguziwa bei.

Halafu kuna hivyo viriba vyenyewe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini kuanzia Juni 1, 2019, na vifungashio vya kilimo viliachwa nje ya katazo, ndiyo maana viriba vinaendelea kutumika kihalali. Sina ugomvi na hilo, kwa sababu bado sijapata mbadala ninaoumudu. Ugomvi wangu ni kwamba sherehe ikiisha uwanja mzima unabaki umetapakaa viriba vyeusi vilivyochanwa, siku ya mazingira yenyewe, na vingine vimeachwa kwenye mche ukazikwa navyo. Wapeni watoto kazi ya kuvikusanya na kuvirudisha kitaluni. Vile visivyochanika sana sisi huvitumia tena.

Tena, kwa kuwa Mwalimu amemtaja Profesa Maathai: harakati zake ziliwalipa akina mama kiasi kidogo cha fedha kwa kila mche uliodumu baada ya kupandwa. Sijaona kata inayolipa hivyo hapa kwetu, na natamani kuiona.

MkaziWaThemi (Arusha Mjini) anajibu:

Nimefuatilia kwa heshima, lakini nasikitika kwamba mjadala umekuwa wa kitalu mtupu. Mkihamisha upandaji hadi Machi, ambalo ni jambo jema, msiibadilishe Juni 5 kuwa siku ya palizi peke yake. Siku hiyo ina kitu ambacho siku nyingine za mwaka hazina: viongozi wanakuja, wanaketi, na wanalazimika kusikiliza risala.

Hapa Arusha mito ya Themi na Naura inapita katikati ya makazi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, na kila anayepita kandokando ya mito ya mijini anaweza kujionea mwenyewe hali ilivyo. Taka za masokoni huingia kwenye mifereji ya mvua, na mifereji huingia mtoni. Ile mifuko iliyokatazwa ilipoondoka, vifungashio vyepesi visivyo na nembo viliingia mahali pake, na leo unavikuta vimenasa kwenye mizizi ya miti kingoni mwa maji. Hayo ndiyo mazingira ya mkazi wa mjini, na miche mia nne haiyagusi.

Tuna uzoefu wetu wa siku zilizogeuzwa kuwa kazi. Desemba 9, 2015 sherehe za Uhuru ziligeuzwa kuwa siku ya usafi nchi nzima, na baada ya hapo ukaja utaratibu wa usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Mwanzoni watu walitoka kwa wingi, lakini sehemu nyingi sasa ni maduka kufungwa asubuhi na kufunguliwa saa nne, takataka zikiwa zimerundikwa kando ya barabara zikisubiri gari. Siku ya kufanya kazi bila mtu wa kuulizwa huisha nguvu haraka.

Pendekezo langu ni kwamba risala yenu ya Juni 5 iache kumshukuru mgeni rasmi kwa kurasa mbili. Iandikwe maswali matatu yanayojibika: mita 60 za mto au mfereji wenu zimewekewa alama wapi, taka za soko la kata zinapelekwa wapi na kwa siku zipi, na fedha za mazingira zilizopangwa kwenye bajeti iliyopita zilitumika kwa nini. Mgeni rasmi akijibu papo hapo, vizuri. Asipojibu, maswali yasomwe tena mwaka unaofuata pamoja na tarehe yaliyosomwa mara ya kwanza.

KatibuTambarare anaandika tena:

Nawashukuru sana. Mwalimu, nitaisoma kikaoni ile sehemu ya azimio, kwa sababu mwenyekiti anaheshimu maandishi. Mama Kitalu, hilo la mizizi limenieleza kwa nini ile mijohoro iliyobaki kwenye uwanja mmoja wa shule imeinama upande mmoja.

Nina kikwazo kimoja kilichobaki. Halmashauri hututaka tupeleke takwimu za miti iliyopandwa, kwa kuwa kila halmashauri imeelekezwa kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka, na fomu tuliyo nayo ina sehemu ya idadi iliyopandwa tu. Nikipeleka hesabu ya miti iliyo hai, ambayo lazima itakuwa ndogo, kata yetu itaonekana imefanya vibaya kuliko jirani aliyepeleka idadi ya mashimo. Nifanyeje?

BwanaMitiMstaafu anajibu:

Marahaba, Mama Kitalu, na umesema kweli kuhusu huko juu kwenu. Nilikuwa ninamjibu mtu wa tambarare.

Katibu, fomu ijaze kama ilivyo, maana si wewe uliyeitunga. Kisha ambatisha karatasi yako. Tengenezeni daftari moja la kata, kila eneo la upandaji likiwa na ukurasa wake: mahali, aina ya mti, tarehe ya kupanda, idadi iliyopandwa, na jina la mtu au darasa lenye dhamana. Juni 5 mpite wote na kuhesabu iliyo hai. Hesabu hiyo isifanywe na waliopanda, bali wabadilishane: shule hii iende kule, kikundi cha kule kije hapa, kwa sababu mtu akihesabu miti yake mwenyewe huona uhai hata kwenye kijiti.

Ila usiridhike na hesabu ya Juni, kwa kuwa inapima masika tu. Mche unaweza kuwa wa kijani Juni na ukafa Septemba. Hesabu ya pili ifanyike mwanzoni mwa Novemba kabla ya vuli, na hiyo ndiyo itakayowaambia ni aina gani inafaa udongo wenu na ni nani aliyetunza. Pengo lililopatikana Novemba mnaweza kulijazia kwa mvua za vuli kama zitakuwa nzuri, au mlisubirishe hadi Machi. Takwimu zote mbili, ya Juni na ya Novemba iliyotangulia, ziingie kwenye risala pamoja na yale maswali ya ndugu yetu wa Themi, ambayo nayaunga mkono yote. Afisa anayepokea ripoti kumi zenye idadi ya mashimo na moja yenye idadi ya miti hai ataikumbuka hiyo moja, na nimewahi kukaa kwenye kiti hicho.

Kwa bajeti mnayoikalia sasa, punguzeni fedha za mahema na chakula cha Juni, na mziingize kwenye mbegu na viriba vya Septemba. Ongea na Mama Kitalu au kitalu chochote kilicho karibu nanyi mapema, mwandikiane idadi na aina, na mlipe sehemu ya fedha kabla, ili mwezi Machi miche iwe ni ile mliyoiagiza.